Penseli ya Weldon

Mvua ya mawe ya Bomet haina adabu. Jumamosi hiyo ilianguka soko likiwa limefurika watu, na Winny Chepyegon akakimbilia varanda ya agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo, pindo la sketi ya kitenge mkono mmoja, viatu mkono wa pili. Hapo akamkuta kijana mrefu mwenye sweta ya kijani iliyochakaa viwiko, akipambana na karatasi ya nailoni juu ya vitabu vya mitumba.

"Dada, shika hiyo kona," kijana akasema bila kumtazama. "Ukiachilia, mimi nimekwisha."

Winny akashika. Wakasimama hivyo, maji yakiwachuruzika migongoni, mpaka mvua ikachoka yenyewe.

"Kongoi sana," kijana akashukuru, Kikipsigis chake kikiwa na lafudhi ya Kikuyu. "Naitwa Joram. Chagua kitabu kimoja, hiyo ni mshahara yako."

"Sisomi siku hizi."

"Kwani unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mwandishi."

Joram akacheka. "Mwandishi hasomi? Hiyo ni kama mwenye hoteli kubeba chakula kutoka nyumbani."

Winny alitaka kucheka pia, lakini machozi yakamtangulia. Basi akajikuta anamweleza mtu asiyemjua hata jina la pili. Kaka yake, Weldon, alikuwa karani wa kupima majani chai upande wa Merigi. Akisubiri lori, alisoma. Kitabu akikimaliza, alimpa Winny. Ndivyo walivyosoma tangu wakiwa watoto, Weldon wa kwanza, Winny wa pili. Mwaka jana pikipiki ilimgonga karibu na Chepilat, akafa.

"Saa hii nikifungua kitabu naona niko peke yangu ndani," Winny akasema. "Nafika ukurasa wa pili, nafunga. Na kuandika nako kumeniisha."

Joram hakumpa pole za haraka. Alipangusa kigoda kwa sweta yake, akamkalisha.

"Basi usisome," akasema. "Nipe namba. Mimi nitakusomea."

Akatimiza. Kila asubuhi akishatandaza vitabu varandani alipiga simu.

"Madam mwandishi, umeamka?"

"Nilikamua ng'ombe wewe ukiwa bado unakoroma."

"Uongo, lakini nakusamehe kwa sababu wewe ni mrembo. Sikiza hii." Akasoma mwanzo wa kitabu chochote kilichokuja, akiharibu majina, akigombana na wahusika, huku Winny anacheka peke yake katikati ya majani chai, kikapu mgongoni. Alianza kushuka Bomet kila Jumamosi, na kwa sababu isiyohitaji maelezo alianza kuvaa lile gauni jekundu la kanisani. Mama yake aliona.

Siku moja alimshukia Joram na gunia.

"Ni vitabu vya Weldon," akasema. "Paa ilivuja, vimeachana. Unaweza kuvishona?"

"Vyako? Hata kama ni vumbi nitashona, mpenzi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Winny akainama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Kuhusu penseli hakusema. Weldon alikuwa na penseli ya kazini, ilikaa nyuma ya sikio, na kila alichosoma alikichorea pembeni maneno ya kumchokoza dada yake. Winny hakuwa amethubutu kuyatazama tangu mazishi. Alikuwa akiyaweka kwa ajili ya siku atakayopata nguvu, na kuyataja tu kungemliza pale sokoni.

Joram alivirudisha vimeshonwa, vimegandishwa kwa gundi, vimevalishwa nailoni safi. Alisimama kando anatabasamu mpaka masikioni. Winny akafungua kimoja. Akafungua cha pili. Pembeni palikuwa peupe.

"Maandishi ya pembeni yako wapi?"

"Gani? Zile za penseli? Nilifuta zote, beib. Na raba, polepole, karatasi isipasuke. Vitabu vyote hapa nafuta. Hakuna mtu anataka kusoma na kelele ya mwingine."

"Ile kelele ilikuwa ni Weldon," Winny akasema. "Ndiyo tu nilikuwa nimebaki nayo."

Tabasamu likamtoka Joram. Winny akarudisha vitabu guniani, akaondoka. Joram akimwita, hakugeuka.

Simu ikalia asubuhi iliyofuata na nyingine nyingi. Winny aliitazama tu. Aliumia mara mbili, kwa sababu alikuwa amempenda na alijua kosa halikuwa la ubaya.

"Huyo wa vitabu amepiga hata yangu, sijui namba ametoa wapi," mama yake akamwambia. "Analia kama mtoto. Nimemwambia Jumapili akuje chai."

"Mama!"

"Na wewe ulimwambia asifute?"



Jumapili Joram alifika na shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vikiwa na matope ya Merigi. Mama akawawekea chai ya maziwa, kisha akakumbuka ana kazi kwa ng'ombe.

"Sikuja kujitetea," Joram akasema. "Nilikosa kuuliza. Lakini nilikuwa nasoma nikifuta. Zingine nakumbuka."

 Joram akafungua gunia lililokuwa kando ya ukuta, akachukua kitabu cha juu, akatafuta ukurasa, akaweka kidole pembeni.

"Hapa alisema, 'Wewe utalia hapa. Usijifanye.' Nilicheka, nikadhani anajiongelesha." Akageuza kurasa. "Hapa, 'Huyu bwana hata kupima majani angeiba kilo.' Na hapa alichora ng'ombe amevaa tai. Hiyo sikuelewa."

Winny akashika mdomo. Ng'ombe wa tai alikuwa mwalimu wao mkuu wa zamani. Akaeleza, akicheka na kulia pamoja, na Joram akaendelea mpaka kumbukumbu zikamwishia.

"Zilizobaki sijui," akasema. "Zimepotea, na ni mimi nilizipoteza. Hizi nyingine niandike tena mahali zilikuwa?"

"Hapana. Mwandiko wako si wake." Winny akamsogelea, akajifuta chozi. "Nipe hicho kitabu."

Usiku huo hakusoma, wala kesho yake. Jumanne akafungua ukurasa wa kwanza, akapita wa pili, na moyo ukamuuma njia yote lakini hakufunga. Penseli ya Weldon ilikuwa bado kwenye mkebe wa majani. Akaichonga kwa kisu. Alipomaliza kitabu, akakituma kwa Joram.

Simu ililia akiwa shambani.

"Madam mwandishi," Joram akasema. "Kuna mtu ameandika kwa kitabu."

"Ameandika nini?"

"Karibu kila ukurasa. Anaongea na kaka yake, wanabishana. Halafu mwisho kabisa ananiuliza nitaleta wazee wetu kwao lini."

Winny alisimama wima, kikapu kimejaa, majani mabichi yakimnukia mikononi.

"Na umeifuta?"

"Hapana, mpenzi. Nimejibu chini yake."

"Umesema nini?"

"Soma mwenyewe. Nakirudisha kitabu. Safari hii mimi wa kwanza, wewe wa pili."