Mawe Meupe ya Songo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda masomoni, Laure alifagia uwanja wa nyumba yao pale Songo, akaosha sahani, kisha akachungulia kiwanja. Kiwanja kilikuwa ile nafasi tupu kando ya mto, na kwa Laure na wenzake hapakuwa na mahali patamu kuliko hapo. Walicheza mpira mpaka miguu ikawa myeupe kwa vumbi. Magoli yao yalikuwa mawe yaliyopakwa chokaa, waliyoyang'oa pembeni bila kumwuliza mtu.

Aliyewaharibia mchezo alikuwa mmoja tu, Mzee Rwabuhihi. Mzee huyu alishuka kutoka milima ya Rurambo baada ya kupoteza ng'ombe wake wote, akawa anaishi kwa dada yake, Umutesi. Mchana kutwa alikaa kando ya mto akiongea peke yake, na kila watoto walipopanga magoli, yeye aliyabeba mawe na kuyarudisha pembeni. Siku moja mwenzao Fiston alimnyang'anya jiwe, likamponyoka na kumwangukia yeye mwenyewe kidole cha mguu. Kwa kuwa wazazi walikuwa wamewakataza kucheza karibu na mto, Laure, mwepesi wa maneno kama kawaida yake, alimwambia baba yake Fiston kwamba mzee ndiye aliyewapiga mawe.

Uongo ule ulizunguka Songo nzima. Mzee alifukuzwa kando ya mto, na mawe yakabaki kuwa magoli. Watoto walifurahi sana.

Jumamosi moja Mama Ernestine, shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, alikuja masomoni kujibu maulizo ya wakaaji. Kila darasa lilipewa ulizo moja, na darasa la Laure lilitaka magoli ya mbao. Laure ndiye aliyechaguliwa kuuliza. Alifurahi mno hata chai ya asubuhi ilimshinda.

Papa Gracien, baba yake Fiston, alisimama wa kwanza. "Mama Shefu, ule Rwabuhihi iko hatari. Anapigaka batoto mawe. Tunaomba polisi bamufunge mu kasho."

Watu walipiga makofi. Kule nyuma Umutesi alisema kwa sauti ndogo, "Kaka yangu iko mugonjwa wa mawazo. Haiko mubaya." Hakuna aliyemjali.

"Nani aliona?" aliuliza shefu.

"Laure njo aliona," alijibu Papa Gracien.

Laure alisimama. "Magoli, magoli," wenzake walimnong'oneza. Alijua kwamba akisema kweli, magoli yamekwenda, na nyumbani atakiona cha moto. Lakini alipomtazama Umutesi akijifuta macho kwa ncha ya kitenge, aliona aibu.

"Mama Shefu, njo minye nilisema bongo, nilidanganya. Mzee hakutupiga. Jiwe lilimuponyoka Fiston. Sisi njo tuling'oa yale mawe meupe, na mzee alikuwa anayarudishaka."

Shefu alisimama ghafla. "Mawe meupe? Yale ya mupaka wa maji, ya kukataza kujenga? Twende tuone."

Mkutano mzima uliteremka mbio mpaka mtoni. Pale palipokuwa na mawe zamani, palikuwa na mtaro mpya wa msingi wa nyumba. Papa Gracien alijifuta jasho. "Ni wangu," alisema. "Sikuona alama, nikadhania ni pa kujenga. Nilitaka kuingiza batoto mu nyumba mbele ya mvua kuanza."

"Hapa njo maji yalipitia siku ya mafuriko," alisema shefu. Papa Gracien alitazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya juu ya milima, akaketi chini kwenye udongo wake.

Mawe yalikuwa yamesimama wapi hasa? Hakuna aliyekumbuka. Umutesi alikimbia kumwita kaka yake. Mzee alikuja polepole, akatembea ukingoni na kukanyaga kwa kisigino: hapa, na hapa, na pale. Watoto walimfuata wakibeba mawe, wakiimba na kusukumana kana kwamba ni fainali.

Shefu alitoa majibu yake palepale. Msingi ufukiwe, na Papa Gracien aje ofisini waone kiwanja kinachoruhusiwa kujengwa. Mzee asiguswe na polisi. Umutesi ampeleke kwenye kituo cha afya, ambako muuguzi husikiliza watu wenye mawazo mazito. "Na magoli muweke ya mbao," aliwaambia watoto, "maana mupira haiko nyumba. Lakini kukiwa mawingu kule juu, hakuna kucheza."

Shangwe zilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Shefu alimvuta Laure kando. "Mwanangu, jiwe umelirudisha leo. Ile bongo uliyosema, utairudisha nyumba kwa nyumba, maana kila aliyeisikia lazima asikie na kweli. Usichoke."

"Nitaanza kwa mzee," alijibu Laure. Alimwendea Rwabuhihi akaomba msamaha. Mzee aliitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia Fiston aliyekuwa akihangaika na jiwe la mwisho.

"Weye wa kidole," alisema, "shika na mikono yote mbili." Na kwa mara ya kwanza Songo ilimsikia Mzee Rwabuhihi akicheka.