Aliyeshika Flashi

"Usiiguse hiyo flashi!"

Mfamasia akarudisha mkono haraka. "Nilitaka kukusaidia tu. Upepo huu utaiangusha pamoja na stendi yake."

"Kaa pale ukutani. Nitapiga mwenyewe."

Asubuhi mfamasia alikuwa amemtumia mpiga picha ujumbe: "Kesho nahamia kituo kipya cha kazi. Nipige picha moja, kisha unijibu. Ndiyo au hapana, nitapokea."

Mwaka mzima tangu amwombe wafunge ndoa, mpiga picha, mwanamke mjane, alikuwa akimpiga chenga. Siyo kwamba hampendi. Anampenda hadi usingizi unamruka. Ila marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akimshikia flashi, na siku ya mwisho ya mume, kitandani pake, mke alimwapia: "Hakuna mwingine atakayeishika." Tangu hapo flashi ilikaa kwenye stendi, imekandamizwa na mfuko wa mchanga.

Jua la saa saba lilikuwa utosini. Bila flashi, macho ya mfamasia yangetoka kama mashimo meusi. Ikawaka mara tatu. Upepo ukaipeperusha kofia ya mpiga picha hadi barabarani, mabati ya jirani yakagongana, lakini stendi haikutikisika hata kidogo. Ndipo alipokumbuka kuwa mfuko wa mchanga ulikuwa bado ndani ya gari.

Akaingia kivulini, akaikuza picha kwenye kioo cha kamera. Ndani ya kila mboni ya mfamasia kulikuwa na nukta nyeupe ya flashi. Kando ya nukta, mtu amesimama.

Akainua macho kumtazama mfamasia.

"Wewe... ulipokaa pale, ulimwona nani?"

"Si ni msaidizi wako! Yule wa shati la mistari. Mcheshi huyo! Kaniambia, 'Acha kukodoa macho, hupigwi sindano.'"

Shati la mistari la marehemu mumewe lilikuwa sandukuni nyumbani. Mpiga picha alilikunja kwa mikono yake mwenyewe.

"Kasema nini tena?"

"Ulipoifuata kofia, kasema eti bega lako la kushoto huuma ukilala bila kufunikwa. Nikamwambia hayo si ya kuniambia mimi. Akacheka. Akasema, 'Nimechoka kusimama juani, ndugu yangu. Mwambie kile kiapo nilikisikia, ila sikukiomba.'"

Habari za bega hilo hakuna mtu mwingine aliye hai aliyezijua. Machozi yakamtoka, ya hofu na ya kitu kingine.

"Yuko wapi sasa?"

"Si yule pa..." Mfamasia akageuka. Uwanja ulikuwa mtupu.

Stendi ikaanza kuinama, taratibu, kama imeachiwa.

"Ishike!" mpiga picha akapiga kelele. "Ishike, mpenzi wangu, isianguke!"

Mfamasia akaruka, akaidaka kwa mikono miwili. Kisha akaitazama mikono yake.

"Mbona chuma kimelowa jasho?"

Mwanamke alijifuta uso, akamsogelea, akaweka mkono wake juu ya mikono ya mfamasia.

"Usiiachie," akamwambia. "Na kesho, tunahama wote."