Mistari ya Marehemu Sii Muldi

Harufu ya nywele zilizoungua ilianza Jumatatu, saa tisa alasiri, katika chumba cha seva cha zahanati moja ya Sfax. Ismahani, fundi wa kompyuta, alidhani ni waya. Alizikagua nyaya zote, akarudi kitini hoi, mgongo ukimuuma.

Wiki tatu alikuwa akihamisha kazi za kizamani ambazo kompyuta huziendesha yenyewe kwa ratiba, alizoziandika fundi aliyemtangulia, marehemu Sii Muldi, mstari kwa mstari, kwenda kwenye vipima muda vya programu ya kisasa. Kila kazi ya mzee yule iliandika kwanza "Bismillahi", ndipo ianze. Ismahani aliyaona hayo mapambo ya kizee, akayafuta yote. Ya mwisho kuhama, Jumatatu hiyo, ilikuwa kazi ya saa tisa, ya kufuta mafaili yaliyopitwa na wakati.

Jumanne harufu ilirudi, na chini ya vigae mtoto akalia. Jumatano walilia wawili. Alhamisi saa nane akamwita Ami Sadoki, mlinzi.

"Binti yangu, umeifuta Bismillahi?" mzee alinong'ona. "Hapa palikuwa kisima. Kwenu mnamwaga maji ya moto bila kulitaja jina la Mungu?"

"Thubutu! Mama angenichapa."

"Basi Muldi alikuwa akiwaambia wenyewe, majini wa kisima, wapishe. Kufuta kwako kwao ni maji ya moto; umewamwagia siku tatu, na wana watoto, nao hulipiza."

"Ami, hii ni kompyuta."

"Waambie wao."

Ismahani hakuwa na nguvu za kubishana. Alikizima kipima muda, akairudisha mistari ya Muldi yote isipokuwa ule wa saa tisa, akaviomba radhi vigae kwa sauti. Kisha akampigia mama yake, aliyekuwa akimlelea bintiye.

"Mama, Tasnimu hajambo?"

"Sikutaka kukutia hofu, mwanangu, na hizo kazi zako. Tangu Jumatatu, ikifika saa tisa, anashika mguu na kupiga kelele kwamba amemwagiwa maji ya moto. Jana umetoka malengelenge."

Saa ya ukutani ilibakiza dakika moja, na Ismahani akasimama simu sikioni, akinusa, akisikiliza, akijiambia kwamba kazi imekwisha zimwa na radhi imekwisha ombwa, mpaka mshale ukaifikia saa tisa na kuipita, na chumbani hakukuwa na harufu wala kilio, naye akaanza kutokwa na machozi ya shukrani.

"Tasnimu!" mama yake alipiga ukelele simuni. "Ismahani, njoo! Safari hii ni miguu yote miwili!"