Wivu wa Mama Vestina

Kila asubuhi Costansia alianika kahawa uani, jicho likiwa ng'ambo ya barabara, kwenye duka la Mwanamisi. Mwaka huo wa 1988 alimwonea jirani yake wivu wa jambo la ajabu: upasuaji.

Gharib, mdogo wake Mwanamisi, alikuwa na uvimbe wa taya. Alipelekwa Mwanza, akakatwa kipande cha mfupa, akalazwa mwezi mzima. Kijiji kizima cha Nyabiyonza kilikwenda kumpa pole.

Vestina, binti wa Costansia mwenye miaka kumi, naye akavimba taya. Hospitalini, picha ya eksirei ilionyesha kifuko cha maji ndani ya mfupa. Daktari wa meno alitoboa tundu dogo, akachukua kipande cha kifuko kwenda kupimwa, akaweka mrija mfupi wa mpira. Kesho yake wakarudi nyumbani na bomba la sindano la kusafishia mrija huo kwa maji.

"Wa dukani hukatwa, wa shambani hutobolewa," Costansia alimwambia mumewe. "Hii ni tiba ya maskini."

"Mtoto analala vizuri," alijibu Telesfori. "Wewe ndiye hulali."

Kwa kinyongo, Costansia aliacha kuusafisha mrija. Siku ya nne kinywa kilinuka na taya likaanza kuvimba tena. Sasa watatupeleka Mwanza, aliwaza, akamchukua Vestina mpaka zahanati.

Tabibu Xaveri alichungulia kinywani. "Mrija umeziba. Umeusafisha lini?"

"Naomba barua ya Mwanza, Tabibu. Akatwe kama Gharib."

"Gharib ni mtu mzima, na uvimbe wake ni wa aina nyingine. Huu wa Vestina umepimwa, si saratani. Kifuko hukua kwa sababu maji yamefungiwa ndani, yanausukuma mfupa. Yakipata njia ya kutoka, kifuko hunywea, na mfupa wa mtoto hujaza nafasi. Tukikata sasa, tunaweza kuharibu na meno yanayosubiri kuota."

"Na tundu likiziba?"

"Maji hurudi. Umeona mwenyewe." Aliusafisha mrija mpaka usaha ukaisha. "Chemsha maji, yapoe, tia chumvi kidogo. Asubuhi, jioni, na kila baada ya kula."

Costansia hakuridhika. Alipitia dukani. Gharib alikuwa kaketi nyuma ya mizani, shavu moja limebonyea, akinywa uji.

"Jirani, mwanao anatafuna mahindi?" aliuliza Mwanamisi.

"Anatafuna."

"Basi asitafunie hapa mbele. Sisi tunakunywa uji tangu Mfungo Mosi, Ramadhani ilipoisha."

Costansia alitembea taratibu mpaka nyumbani, akabandika maji jikoni.

Hakuruka hata siku moja. Baada ya miezi minane picha mpya ilionyesha mfupa umejaa. Daktari aliutoa mrija, na baada ya muda jino jeupe likachomoza mahali pake. Costansia alimsimamisha kila mpita njia alione.

"Punguza, mama," alisema Telesfori. "Utawafanya wenzako waombe uvimbe."