Wimbo wa Sita wa Kiberiti

Mtaani kwao walimwita Nyundo. Mchana alitengeneza friji, jioni akapiga ngoma kwenye bendi. Siku hiyo alifungua karakana kama kawaida, akanywa chai, akataniana na jirani aliyedai friji zake zinapika badala ya kugandisha. Saa tisa alasiri akafunga, akaenda studio. Mama yake alikuwa ameshatoa kauli.

"Nyimbo za dada yako zitoke. Watu wamsikie."

Huyo dada, Kiberiti, ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi yao ya panki, bendi ya watu watatu yenye makelele ya watu thelathini. Akishika maikrofoni, hata waliokuja kulalamika walijikuta wakitikisa vichwa. Kisha kifua kikamwandama. Alirekodi nyimbo tano. Wa sita ulibaki ala tupu, pumzi zilimwishia, akasema, "Nitauimba nikipona." Hakupona. Ilikuwa imetimia miezi miwili tangu wamzike.

"Tuanze na huu mtupu," alisema fundi mitambo wa studio, akabonyeza.

Gitaa likaingia. Ngoma zikaingia. Kisha ikaingia sauti.

Wote wawili wakaganda.

Ilikuwa sauti ya Kiberiti, ileile ya kukwaruza, lakini haikuimba maneno waliyoyatunga. Ilirudia neno moja tu.

"Pokea. Pokea. Pokea."

"Hii sikurekodi mimi," fundi alinong'ona. "Naapa."

Nyundo alilijua neno hilo lilimlenga nani. Siku dada yake alipokata roho hospitalini, simu ya Nyundo ililia mara tatu. Aliliona jina la dada yake. Lakini juzi yake walikuwa wamegombana. Alimwambia anajidekeza, anaiua bendi, na hasira zilikuwa hazijamtoka. Akaigeuza simu kifudifudi juu ya friji, akaendelea kukaza skrubu. Baadaye alizifuta zile simu tatu. Hakumwambia mtu, hata mama.

"Pokea, Nyundo."

Fundi alirukia mashine aizime. Nyundo akamshika mkono. Akaisogelea spika mpaka paji la uso likaigusa, machozi yakimchuruzika.

"Nimepokea, dada," akanong'ona. "Sema."

Sauti ikakatika. Ukabaki mvumo.

Kioo cha mashine kilionyesha urefu wa wimbo: dakika tatu na sekunde kumi na mbili.

Nyimbo zikatoka zote sita. Mama hakukubali hata mmoja ubaki. Watu wakawa wanamsimamisha Nyundo njiani. "Yule mwanamume anayelia mwishoni mwa wimbo wa sita ni nani? Anasema, 'Nimepokea, dada.' Amenitoa machozi."

Siku ile studioni maikrofoni zote zilikuwa kabatini.

Fundi mitambo alifunga studio. Siku hizi anauza vioo vya madirisha, na muziki hataki hata kuusikia.

Mama yeye hakuogopa. Nyundo alipopita kumsalimu alasiri moja, alimkuta ameinamia redio yake ya kuchomeka flashi. Wimbo wa sita ulikuwa umefika mwisho. Mvumo tu. Lakini mama alikuwa akiitikia kwa kichwa, polepole.

"Ndiyo, mwanangu," alikuwa akisema. "Ndiyo. Nitamwambia."

Nyundo alisimama mlangoni.

"Utamwambia nani, mama? Anasema nini?"

Mama alimtazama kwa huruma.

"Kwani wewe humsikii?"

Nyundo akapiga magoti. Akatega sikio. Mvumo. Akaongeza sauti. Mvumo. Akakibana kichwa chake kwenye redio, akalia kama mtoto, akaomba neno moja tu, liwe hata la kumlaani.

Mvumo.

Alipoinua macho akaona urefu wa wimbo kwenye kioo cha redio. Dakika tatu na sekunde arobaini.

Wiki iliyofuata zilikuwa nne na nusu.

"Mama, nakuomba. Niambie."

"Ngoja kwanza," mama humjibu, kidole mdomoni. "Hajamaliza."

Juzi wimbo ulikuwa umefika dakika tisa.