Mgeni wa Gakwaya

Kila Jovia alipopewa uji, alisukuma kikombe, akamkazia macho aliyempa. Yalianza siku baba yake, Protais, alipoteuliwa konseye, akapewa kiti cha kuongoza sekta yetu hapa Gisenyi, mwaka 1998. Mama yake, Joanita, alidhani ni minyoo. Kisha nyumba ikaanza kunuka pombe ya mtama, na humo hakuna mnywaji. Siku ya saba hata maji hayakupita kooni. Sisi majirani, Mungu atusamehe, tuliacha kupita pale.

Hospitali hawakuona ugonjwa. Katekista Damascène akaitwa, akaomba tangu asubuhi hadi saa nane mchana, na mtoto, macho yamefumbwa, akajibu kwa sauti nzito ya mzee: "Aonje kwanza aliyemimina."

Damascène akarudi nyuma. "Huyu hapana jini," akanong'ona. "Iko mutu alikufa."

Nyirahabimana, mama yake Protais, akaangusha rozari. Joanita akapiga magoti mbele yake.

"Mama, kama unajua kitu, sema. Mutoto iko anakufa."

Bibi akasema polepole yale aliyomficha hata padri: kwamba zamani, kule Nyanza kwa mfalme, marehemu mumewe Gakwaya aligombea uchifu na Sebagabo, mtu wa ukoo mwingine mkubwa, akamwalika pombe ya mtama eti wapatane, na kwamba desturi ni anayemimina aonje mbele ya mgeni, lakini yeye, bibi arusi wa mwezi mmoja, alitia mrija mdomoni bila kuvuta, kwa kuwa aliijua sumu iliyomo, na Sebagabo aliliona shavu lake halikusogea, ila mbele ya wakuu wa mfalme angekataaje, akanywa, akafa kabla ng'ombe hawajarudi zizini, na Gakwaya akapewa kilima chake, ng'ombe wake na kiti chake.

"Mi ndiye nilimimina," akasema. "Leteni kikombe."

Katika kikombe cha uji sasa mlikuwa na pombe, inatoa povu. Joanita akamtazama mkwewe, akamtazama mwanawe, akampa bibi kikombe. Kosa hilo analiungama mpaka leo. Bibi akanywa yote, akalala ubavu, hakuamka.

Jovia akafungua macho. "Mama, mi nasikia njala," akasema kwa sauti yake mwenyewe. Joanita akamkumbatia, analia.

"Mzee anasema bibi amemaliza yake," mtoto akaendelea. "Bado kiti."

Nje Protais alikuwa anarudi kutoka kazini, anasalimia watu. Harufu ya mtama ikatoka kitandani, ikapita mlangoni, ikaenda kumpokea.