Ngurumo ya Saa ya Tisa

"Rien, Barnaba. Tumengoya mpaka neuf heures et demie ya asubuhi, hakuna muntu alikuya. Njo nilirudisha bapolisi."

Huyo ni Guylain, mpelelezi wa Brussels, mzaliwa wa Goma. Akiongea naye ni Barnaba, jasusi kutoka Dodoma. Alikuwa amesimama Porte de Namur, katikati ya jiji, simu moja sikioni, macho kwenye Samsung ya pili. Asubuhi Guylain alikuwa amemtumia mstari mmoja tu. Sasa ndiyo kwanza anausoma ukurasa mzima ulikotoka mstari huo.

Kila Jumatatu Profesa Florent, bingwa wa Kilatini cha karne za kati, aliweka mtandaoni ukurasa wa watawa wa kale walioandika habari za mvua, upepo na radi. Wasomi walimsifu. Genge la magendo ya dhahabu ya Kivu nalo lilimsoma, maana kila ukurasa ulikuwa na mstari mmoja ambao hakuna mtawa aliyeuandika.

Amri ya kuua.

Ila ushahidi wa kumtia Florent pingu haukuwepo.

Mstari wa leo: *Saa ya tisa, ngurumo kutoka magharibi. Mzee atanyamaza.*

Mzee ni Papa Jean-Marie, aliyewapimia wale jamaa dhahabu kule Bukavu miaka kumi, akiandika kila kitu daftarini. Amefichwa katika nyumba moja Ganshoren, pembezoni mwa jiji. Kesho anasimama mahakamani kama shahidi.

Juu ya mstari huo, mstari wa mtawa mwenyewe: *Saa ya sita, kivuli kimelala miguuni.*

Barnaba alikaa seminarini miaka mitano kabla ya kuingia kazi hii. Kivuli miguuni ni adhuhuri! Watawa walihesabu saa tangu macheo, kama mama yake anavyohesabu mpaka leo kule Songea. Na Florent, kwa maringo yake ya kisomi, asingekubali kuhesabu vingine.

Saa tisa ni alasiri, si neuf heures ya asubuhi kama walivyodhani.

Casio yake ilisema saa nane na dakika thelathini na tano.

"Guylain, rudisha askari kwa mzee!"

"Mais saa ilishapita, mon frère."

"Haijafika. Ni trois heures, alasiri!"



"Mungu wangu. Batachelewa."

Barnaba aliiwasha BMW, akayapita mahandaki ya mjini kama mwehu. Aliogopa, tusidanganyane. Aliogopa kumkuta mzee wa watu amelala sakafuni.

Alimkuta jikoni akimenya viazi. Zilibaki dakika mbili.

"Papa, lala chini!"

"Weye nani?"

"Rafiki. Chini!"

Mlango wa bustani, ule unaotazama machweo, ukasukumwa taratibu. Ikatangulia bastola yenye kiwambo cha sauti, ukafuata mkono. Barnaba akaudaka, akauzungusha mpaka kiwiko kikalia. Risasi ikatoboa dari. Kitako cha Glock yake kikammaliza nguvu mgeni, akaanguka amezirai.

Simu ya muuaji ikatetema. Barnaba akaifungua kwa kidole gumba cha mwenyewe. Kilatini: *Imenguruma?*

Akajibu kwa Kilatini kile kile: *Imenguruma. Mzee amenyamaza.*

*Vyema. Niko stesheni ya treni, Noordstation, jukwaa la nne. Niletee daftari lake.*

Akampigia Guylain.

"Florent yuko Noordstation, jukwaa la nne. Mkamate na simu mkononi. Yote ameyaandika mwenyewe."

"À quelle heure? Saa ngapi?"

"Sasa hivi."

Papa Jean-Marie aliinuka, kisu cha viazi bado mkononi.

"Na kesho, mutoto yangu? Niseme?"

"Sema yote, papa."

Askari walipoingia kumfunga mgeni pingu, Barnaba akafunga jaketi, akatoka kwa mlango wa mbele.